Gharama ya Bure: Taarifa za Kibinafsi kama Malipo, kwa Kurejelea Garissa

Utangulizi

Neno 'bure' lina maana mbili kuu katika Kiswahili: bila malipo, na bila faida. Makala haya yanakusudia kueleza hali ambayo maana hizo hazitoshi kuifafanua: mtu hupewa kitu bila kutoa fedha, ilhali amekilipia kwa taarifa zake mwenyewe, yaani jina, umri, picha, mahali alipo au alama za vidole. Tutaanza na huduma za intaneti, kisha tutazame yaliyowafika wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambako ukali wa malipo ya aina hii umedhihirika waziwazi.

Malipo yasiyoonekana

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, na Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, hazimtozi mtumiaji senti anapotafuta habari au kuwasiliana na jamaa zake. Pato lao kubwa hutokana na matangazo ya biashara. Maneno tunayotafuta na kurasa tunazofungua huhifadhiwa. Kutokana na kumbukumbu hizo, mahitaji yetu hukisiwa na wafanyabiashara huuziwa nafasi ya kutufikia. Mfanyabiashara hulipa fedha, nasi hulipa taarifa.

Malipo haya yanatofautiana na fedha kwa njia mbili. Kwanza, mtu akitoa shilingi 100 hesabu imekwisha, lakini taarifa ikishatolewa huweza kunakiliwa na kutumiwa kwa kusudi jingine miaka mingi baadaye. Pili, nywila ikifichuka hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Mfano wa Garissa

Kuanzia mwaka 1991, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na Dadaab ili kuwahifadhi watu waliokimbia vita nchini Somalia. Wenyeji waliozizunguka kambi hizo walikuwa raia wa Kenya, wengi wao wafugaji wa jamii ya Wasomali. Ukame ulipoangamiza mifugo, baadhi yao walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu na shule, huduma ambazo zilikuwa haba vijijini mwao. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wangali watoto.

Chakula kilitolewa bila fedha. Hata hivyo, alama za vidole zilichukuliwa na kuhifadhiwa katika kumbukumbu za wakimbizi, nazo kumbukumbu hizo zikaja kulinganishwa na maombi ya vitambulisho vya taifa. Kijana aliyetimiza miaka 18 alipokwenda kuomba kitambulisho, alielezwa kuwa vidole vyake ni vya mkimbizi. Maelfu ya raia walinaswa katika hali hiyo. Nchini Kenya, asiye na kitambulisho hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake; kuajiriwa na kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu pia humwia vigumu. Mwaka 2021, shirika la Haki na Sheria la Garissa pamoja na waathiriwa walilifikisha suala hilo katika Mahakama Kuu.

Suala la ridhaa

Je, watu hao waliridhia? Ridhaa huhitaji mambo mawili: kujua kitakachofanywa na taarifa, na kuwa na uwezo wa kukataa. Mwenye njaa hana uwezo wa kukataa, na mtoto hajui. Jambo hili halikuishia Dadaab. Mwaka 2023, watu walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka taarifa zitumiwe kwa kusudi lililotajwa, na inampa mwenyewe haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe. Lakini sheria hiyo ilikuja baada ya vidole vingi kuchukuliwa.

Hitimisho

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu. Masharti ya huduma nyingi za mtandao huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mtumiaji hubonyeza 'nakubali' bila kuelewa alichokikubali. Kuyafasiri masharti hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kushirikiana na wenzetu wanaozungumza Kisomali ili nao wayapate kwa lugha yao, ni kazi ya kitaaluma yenye manufaa kwa umma. Mtu akielezwa bei kwa lugha anayoielewa, kisha akaweza kukataa bila kulala njaa, hapo ndipo tunapoweza kusema kuwa ameridhia.