Maombi ya Chuo: Tutie Wasifu au Tusitie?



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, vikundi vyetu hapa Tiwi huulizwa swali hili: "Kijana wetu anaomba chuo. Tumwandikie na wasifu?" Wasifu, au CV kama wengi wasemavyo, ni karatasi ya kueleza mtu alikosoma, kazi alizofanya na watu wanaomjua. Pesa za kuchapisha hutoka kwa michango yetu, kwa hivyo ni vyema tuelewane.

Kwanza, tusome fomu. Nafasi za vyuo vikuu na vyuo vya serikali hugawanywa na KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Maombi hujazwa kwa kompyuta, na kinachopimwa ni gredi za KCSE. Hapana mahali pa kutia wasifu. Anayetaka diploma ya uuguzi ya KMTC lazima awe na C ya jumla. Wasifu wa kurasa tano hauwezi kugeuza D+ kuwa C.

Hata vyuo vingi vya Marekani huwa na fomu yenye nafasi 10 za kueleza shughuli za mwombaji. Ukiongeza wasifu bila kuombwa, unarudia yale yale.

Pili, kuna mahali wasifu husaidia: chuo chenyewe kikiuomba, mfadhili akitaka kumjua kijana, au kijana akitafuta mahali pa kujifunza kazi, kama hoteli za Diani. Hapo tuandike ukurasa mmoja tu, na uwe wa kweli. Tusimwite "katibu wa kikundi" mtu ambaye hajawahi kuandika hata kumbukumbu za mkutano mmoja. Akiulizwa atashikwa, na jina la kikundi litaharibika. Lakini msichana aliyeweka daftari la merigoraundi miaka miwili, au kijana anayefundisha watoto madrasa au Sunday school, ana jambo la kuandika. Tena tusitie jina la mzee au mwalimu kama shahidi kabla ya kumwomba ruhusa.

Tatu, kabla ya kuhangaikia wasifu, tuangalie majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaisha na cheti cha shule kikisema Mwanasha, hapo ndipo shida huanza. Marekebisho huchukua muda, na chuo hakingoji.

Basi, mkutano ujao kila mzazi aje na vyeti vya mwanawe, tuvikague pamoja.