Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini
Kipupwe, yaani msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, hutawaliwa nchini Tanzania na upepo wa kusi, ambao husukumwa na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililoko kusini mwa Bahari ya Hindi, na ambao huleta hewa baridi katika mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya. Msomaji wa utabiri wa wiki moja hana budi kutazama mawingu pamoja na nyuzi joto, kwa kuwa mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee usiku, ilhali anga likiwa jeupe na upepo umetulia, joto hilo hupotelea angani na sakitu, yaani mvuke ulioganda kuwa chembe za barafu, hutanda mashambani. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulioko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, nyasi huweza kuwa nyeupe alfajiri, na majani ya viazi yaliyoganda hunyauka na kuwa meusi jua linapopanda. Wakulima wafunike miche jioni, na familia zisilale na jiko la mkaa chumbani, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.