Neslihan, Mchezaji wa Badmintoni wa Uturuki

Leo tunawaeleza habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Uturuki. Jina lake ni Neslihan Yiğit. Kazi yake ni kucheza badmintoni. Wengi wetu huku vijijini hatujauona mchezo huo, basi tuanze na mchezo wenyewe.

Badmintoni huchezwa na watu wawili, au wanne, yaani wawili kila upande. Katikati pana wavu wa kimo cha mita moja na nusu hivi. Kila mtu ana raketi, nayo ni kama fimbo nyepesi yenye duara la nyuzi. Mpira hakuna! Kinachopigwa ni manyoya 16 ya bata yaliyochomekwa kwenye kizibo. Uzito wake ni gramu 5 hivi, kama kijiko kidogo cha sukari. Ukikipiga kwa nguvu, kinaondoka kwa kasi kuliko gari. Lakini manyoya hushika hewa, na mara kinapunguza mwendo. Ndiyo maana mashindano makubwa hufanyika ndani ya jengo. Upepo kidogo tu, kimekwenda kwingine.

Kikianguka chini upande wako, mwenzako amepata pointi. Katika mashindano tunayoyasimulia hapa, seti moja ni pointi 21. Anayeshinda seti 2 ndiye mshindi.

Sasa turudi Uturuki. Watu wa huko wanapenda sana mpira wa miguu na mieleka. Wanaotamba katika badmintoni ni Wachina, Waindonesia, Wakorea na Wadenmark. Neslihan alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Bursa. Wakati huo badmintoni nchini kwake ilikuwa bado changa.

Mwaka 2012 michezo ya Olimpiki ilifanyika London. Badmintoni ilikuwa imeshatolewa medali za Olimpiki tangu mwaka 1992, na katika miaka hiyo yote hakuna Mturuki aliyewahi kuicheza huko. Neslihan alikuwa wa kwanza. Umri wake ulikuwa miaka 18 tu. Hakurudi na medali, lakini njia ilikuwa imefunguka.

Mwaka uliofuata nchi za Bahari ya Kati zilishindana Mersin, hukohuko Uturuki. Neslihan alicheza pamoja na mwenzake, Özge Bayrak. Wakashinda medali ya dhahabu ya wanawake wawili wawili.

Kumbe mwenzako anaweza pia kuwa mpinzani wako. Kwa michezo ya Rio, mwaka 2016, nchi iliweza kupeleka wanawake wawili wa kucheza peke yao ikiwa tu wote wawili wamo katika 16 bora wa dunia. Kama sivyo, huenda mmoja. Uturuki ilipata nafasi moja, na aliyekwenda ni Özge. Neslihan alibaki. Fikiri mwenyewe: huyu ndiye mliyesimama naye upande mmoja wa wavu mkashinda dhahabu! Halafu ungoje miaka minne mingine, na mwili nao haungoji.

Miaka minne ikawa mitano, maana ugonjwa wa korona ulisogeza michezo ya Tokyo mpaka mwaka 2021. Safari hii Neslihan alikwenda. Wachezaji waliwekwa katika makundi, naye kundi lake lilikuwa la watu watatu. Anayepita ni mmoja tu. Alimshinda mchezaji wa visiwa vya Maldivi. Mwingine alikuwa Chen Yufei wa China, na huyo akamtoa. Tusimlaumu. Chen hakushindwa na mtu yeyote huko Tokyo, na dhahabu ilikwenda kwake.

Wapo ambao wangetundika raketi hapo. Yeye aliendelea. Mwaka 2024 alikwenda tena Olimpiki, mara hii Paris, akiwa na miaka 30. Jina la ukoo lilikuwa limebadilika, akaandikwa Neslihan Arın. Tangu ile siku ya London ilikuwa imepita miaka 12.