Ua Usio na Maua

Swali ni lile lile, Kibondo na Kasulu: bogenvilia imepanda ukuta mpaka kwenye bati, majani yamekolea kijani mwaka mzima, maua hakuna, niiongezee mbolea gani? Usiongeze yoyote. Hiyo mbolea ndiyo ugonjwa wenyewe.

Imani kwamba mmea usiochanua una njaa imetoka shambani, na huko ina ukweli wake. Mgomba wa nyuma ya nyumba hushiba samadi na maji ya vyombo, ukalipa kwa mkungu. Mahindi yakipauka hupewa mbolea ya kukuzia. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na rangi hurudi upesi. Lakini kazi ya naitrojeni ndiyo hiyo, majani na machipukizi. Bogenvilia iliyoshibishwa hivyo hurefusha matawi, ikakomaza miiba, ikasahau maua. Anayebisha akatazame kiriba kitaluni: udongo wa kujaza viganja viwili, mizizi imebanana, na mmea umechanua mpaka unainama. Mteja huununua kwa maua hayo hayo, kisha huufungua kifungoni, akautia kwenye shimo lililojaa samadi, akaanza kushangaa. Wengine hujitetea kwa vitabu vya nchi za mbali, kwamba kinachoamsha maua ni siku kuwa fupi. Kwao ni kweli. Lakini kwetu Kitahana, wilayani Kibondo, ni karibu na ikweta, na siku ndefu kuliko zote haiipiti ile fupi hata kwa saa moja. Ishara kubwa inayobaki ni ukame. Mvua hukatika Mei, na kuanzia Juni mpaka Septemba mizizi inapokosa maji, ncha za matawi huacha kurefuka na kuanza kupamba. Hata hicho tunachokiita ua ni majani: vile vipande vitatu vikavu kama karatasi ni majani yaliyobadili rangi, na kila kimoja kimebeba kijiua chembamba chenye mdomo mweupe. Naam, mche wa msimu huu utakufa kwa kiangazi usipomwagiliwa. Uliokwisha kushika ardhi hautakufa, utachanua.

Basi, kwa ufupi. Panda mvua zinapoanza, mahali pasipotuama maji na penye jua la saa sita au zaidi, kivulini usijisumbue. Kiriba kichane taratibu, mizizi yake haipendi kuguswa. Ukitaka kipandikizi, kata tawi lililokomaa, nene kama penseli. Mwagilia mwaka wa kwanza tu. Iliyokwisha kushiba inyime samadi na urea msimu mzima, uipogoe mvua zikielekea kuisha, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi machanga, kisha usiiguse tena mpaka imalize kuchanua. Vaa glovu. Na maji ya vyombo yageuzie njia yaende kwenye mgomba, maana ndio uliokuwa ukiyahitaji.