Machimbo ya Mawe ya Kale na Wafugaji wa Mashariki mwa Ziwa Victoria

Migodi mashuhuri ya kale ya gumegume, yaani jiwe gumu lipasukalo kwa makali na kutoa cheche likigongwa na chuma, iko Ulaya, ambako jiwe hilo hujijenga ndani ya miamba ya chaki. Huko Grimes Graves, mashariki mwa Uingereza, wachimbaji wa miaka ipatayo 4,600 iliyopita walichimba mashimo zaidi ya 400, mengine yenye kina kinachopita mita 10, wakitumia pembe za kulungu kama sululu. Kata ya Nyamisangura na sehemu kubwa ya Tarime, katika Mkoa wa Mara nchini Tanzania, hazina chaki ya namna hiyo, kwa sababu zimekaa juu ya matale na miamba ya kale ya volkano yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Jiwe la kuchongea linalopatikana kwa wingi katika miamba hiyo ni kwatzi, ile nyeupe ambayo wachimbaji wa dhahabu wa Nyamongo huifuata kwa sababu nyingine kabisa, nayo hupasuka ovyo na kumnyima fundi wembe mrefu ulionyooka.

Wafugaji wa kale wa ukanda huu waliohitaji wembe huo walipata jiwe lake mbali. Kaskazini ya Tarime, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, kuna Gogo Falls kando ya Mto Kuja, mahali palipochimbuliwa na Peter Robertshaw, na baadaye na Karega-Munene, katika miaka ya 1980, ambapo palipatikana mabaki ya wafugaji wa utamaduni uitwao Elmenteita pamoja na zana za obsidiani, yaani kioo cha asili kinachotokea pale lava yenye silika nyingi inapopoa upesi kabla ya kuunda fuwele. Hakuna volkano ya kutoa kioo hicho karibu na Kuja. Chimbuko lake ni Mlima Eburu, karibu na Ziwa Naivasha, takribani kilomita 200 kwa mstari ulionyooka.

Uhakika huo unatokana na kemia, kwa kuwa kila mtiririko wa lava hubeba kiasi chake cha elementi adimu kama zirkoni na rubidi, na kipimo cha eksirei kinachoonyesha viwango hivyo huwezesha kipande kidogo kurudishwa kwenye mlima wake. Mwaka 1984 Harry Merrick na Francis Brown walichapisha ulinganisho wa vyanzo na zana za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ukaonyesha kwamba watu wa Elmenteita walipendelea obsidiani ya kijani ya miteremko ya juu ya Eburu, ilhali majirani zao wafugaji walitumia zaidi ile ya kijivu ya bonde la Naivasha. Upendeleo huo hauelezeki kwa ukali wa jiwe pekee, maana zote mbili hukata vizuri. Hapa siasa na undugu vinastahili kutiliwa maanani kuliko ufundi.

Machimbo yenyewe ya Eburu yalichimbuliwa na Steven Goldstein na John Munyiri, waliochapisha matokeo yao mwaka 2017. Kuchimbua machimbo ni kazi ngumu kuliko kuchimbua makazi, kwa kuwa wachimbaji wa kale walifukua kifusi cha waliowatangulia na kukichanganya, na kwa kuwa zana iliyokamilika iliondoka pamoja na mwenyewe. Kilichobaki ni taka, ambayo kwa bahati njema ni taka yenye habari: vibanzi vyenye ganda la nje huonyesha hatua ya kwanza ya kuchonga, mabonge yaliyotupwa huonyesha kosa lililomfanya fundi akate tamaa, na makaa yaliyonaswa kati ya matabaka huruhusu umri kupimwa kwa kaboni-14. Kwa hiyo kila tabaka huchorwa, udongo huchekechwa, na vibanzi hupimwa kimoja kimoja, jambo linalochosha lakini lisilo na njia ya mkato.

Suala linalobaki ni namna kioo hicho kilivyofika Kuja. Kama kilipita mikononi mwa watu wengi, kijiji hadi kijiji, mabonge yanapaswa kupungua ukubwa na nyembe kunolewa upya zaidi kadiri umbali unavyoongezeka. Kama misafara ilikwenda yenyewe Eburu na kurudi, mabonge makubwa yanapaswa kuonekana hata mwisho wa njia, na ndiyo maana uzito wa kibanzi kilichookotwa Migori au Mara una thamani ya kisayansi endapo tu mahali kilipolala pameandikwa kabla hakijainuliwa.