Kabla ya kuangalia jina la daluga, angalia uwanja

Mei 21, 2008, Moscow. Mvua inanyesha na fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya imefika kwenye matuta. Nahodha wa Chelsea, John Terry, anatakiwa kufunga penalti yake tu ili kombe liende London. Anakwenda, anaukita mguu wa kushoto pembeni ya mpira, mguu unateleza, mpira unagonga nguzo na kutoka nje. Manchester United wanabeba ndoo kwa matuta 6-5.

Vijiweni watu walimchambua Terry mpaka basi. Presha, wengine wakasema gundu. Wachache walizungumzia kile kilichokuwa kati ya mguu wake na ardhi, yaani meno ya daluga.

Meno hayo ndiyo yanayomshika mchezaji uwanjani. Yakishika kidogo, anateleza kama Terry. Yakishika kupita kiasi, kiatu kinabaki pale pale, mwili unageuka, na mzigo wote unaangukia kwenye goti. Mchezaji anayeteleza huwa ananyanyuka, anajipangusa na mechi inaendelea. Wa goti anaweza asirudi msimu mzima.

MVUA YA BERN

Soka lilianza kulichukulia suala hili kwa uzito zamani. Julai 4, 1954, Ujerumani Magharibi ilikutana na Hungary kwenye fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, Uswisi. Hungary ilikuwa haijapoteza mechi ya kimataifa tangu 1950, na kwenye makundi ilikuwa imewachapa Wajerumani hao hao 8-3. Fainali ilipoanza, ndani ya dakika nane tu ilikuwa mbele 2-0.

Lakini siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Adi Dassler, mwanzilishi wa adidas, alikuwa kwenye msafara wa kocha Sepp Herberger akiwa na daluga ambazo meno yake yanafunguliwa na kufungwa kama skrubu. Uwanja ulipogeuka tope, Wajerumani walifungiwa meno marefu. Wakasawazisha, na dakika ya 84 Helmut Rahn akapiga la tatu. Ikaisha 3-2.

Viatu peke yake havikufunga mabao yale, mabao yalifungwa na watu. Ila toka siku ile, kukagua uwanja kabla ya kuchagua meno kukawa sehemu ya maandalizi ya timu kubwa.

HERUFI MBILI KWENYE BOKSI

Ukinunua daluga mpya utakuta herufi mbili kwenye boksi au kwenye kiatu chenyewe. Wengi wanazipita kama hazipo, wanaangalia rangi na jina la staa anayevaa.

FG ni za nyasi asilia kwenye ardhi imara. Meno yake ni ya plastiki, hayafunguliwi, na kwa kawaida ni kumi na kitu.

SG ni za ardhi laini yenye maji na tope. Meno ni marefu na machache, mara nyingi sita, manne mbele na mawili kisiginoni, tena yenye ncha za chuma.

AG ni za kapeti, yaani nyasi bandia. Meno ni mengi, mafupi na ya duara, ili uzito wa mchezaji ugawanyike na mguu uweze kugeuka bila kugoma.

TF zina vijino vidogo vidogo vya mpira chini nzima. Hizi ni za kapeti lililochakaa na ardhi ngumu, na kwa viwanja vyetu vingi vya mchangani zinafaa kuliko watu wanavyodhani.

LIGI MOJA, ARDHI TOFAUTI

Sasa njoo kibongo bongo. Timu inaweza kucheza Sokoine pale Mbeya wakati wa mvua, ambapo ardhi ni laini na mpira unabebwa na maji. Ikienda Jamhuri, Dodoma, wakati wa kiangazi, inakuta ardhi imekauka. Ikipanda Kaitaba kule Bukoba au Nyamagana kule Mwanza, inakuta kapeti. Ikivuka bahari kwenda Amaan, Zanzibar, kapeti tena.

Mchezaji wa timu yenye hela hana shida. Begi lake lina pea mbili au tatu na mtunza vifaa yupo. Wakifika wanaukanyaga uwanja kwanza, ndipo wanaamua wavae nini.

Shida iko kwa dogo wa mtaani mwenye pea moja, tena ya mtumba kutoka Karume. Viatu vya mtumba vingi vimetoka nchi za baridi, ambako mvua na tope ni jambo la kawaida, kwa hiyo SG zenye meno ya chuma hazikosi kwenye rundo. Dogo anaona kiatu kikali kwa bei poa, anabeba. Jumamosi anakwenda nacho kwenye kapeti.

Pale meno sita marefu yanazama katikati ya nyuzi. Akikimbia mbele anajisikia yuko vizuri, hatelezi hata kidogo. Akitaka kumgeuka beki, kiatu kinagoma kutoka. Ndiyo maana viwanja vingi vya kapeti vinakataza meno ya chuma, na si kwa ajili ya kulinda kapeti tu.

Kwenye ardhi kavu mambo ni kinyume. Meno hayazami kabisa, na dogo anacheza akiwa amesimama juu ya nukta sita kama mtu aliyekanyaga kokoto. Nyayo zinawaka moto na kifundo cha mguu kinapinda kirahisi.

GOTI HALIUZWI MTUMBA

Kano ya mbele ya goti ikikatika, mara nyingi mchezaji wa ushindani anahitaji operesheni, kisha miezi sita hadi tisa au zaidi nje ya uwanja. Kinachotisha ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemgusa. Kageuka mwenyewe, kaanguka mwenyewe.

Wanawake wako kwenye hatari kubwa zaidi ya jeraha hili kuliko wanaume. Kombe la Dunia la Wanawake 2023 liliwakosa Beth Mead, Leah Williamson na Vivianne Miedema, wote wa Arsenal, wote magoti. Viatu siyo sababu pekee, kuna misuli, uchovu na uwanja wenyewe. Lakini daluga nyingi zimetengenezwa kwa kufuata umbo la mguu wa mwanaume, na mabinti wetu wananunua kutoka rundo lile lile la kaka zao.

DOGO ANUNUE NINI?

Kama una hela ya pea moja tu, jiulize unacheza wapi mara nyingi. Kapeti, chukua AG. Vumbi na ardhi ngumu, chukua TF, au FG yenye meno mafupi ya duara. SG iache, labda uwanja wenu ni tope kweli kweli.

Ukiwa sokoni, kigeuze kiatu kabla ya kuuliza bei. Angalia kama meno yako sawa, kama kuna lililong'oka, na kama chuma hakijawa na ncha za kukata. Sheria ya 4 ya soka inakataza kifaa chochote cha hatari, na refa ana haki ya kukutoa ukabadilishe.

Kisha kijaribu taratibu kabla ya mechi. Simama, kita mguu, geuka polepole. Ukihisi kiatu kimegoma na goti linavutwa, hicho si cha uwanja huo, hata kama kimeandikwa jina la Messi.

Na wadau mnaochangia timu za mtaa, tunajua jezi ndizo zinazotoka vizuri kwenye picha. Safari ijayo, kabla ya kuagiza seti nyingine, waambieni vijana wainue miguu muone wamevaa nini chini.