Kupanda Kilimanjaro kwa hisani: Shilingi inabaki mkononi mwa nani?

Kila mwaka makundi ya watu hupanda Mlima Kilimanjaro si kwa utalii tu, bali kwa ajili ya kuchangisha fedha za wagonjwa, yatima na watu wasiojiweza. Wengine ni wafanyakazi wa kampuni moja, wengine ni wanafunzi wa vyuo vya Ulaya. Utaratibu unafanana: ndugu, marafiki na makampuni huahidi kutoa kiasi fulani iwapo timu yao itapanda.

Hapa nchini, kampeni inayofahamika zaidi ni Kili Challenge, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita (GGM) na kuendeshwa kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Washiriki wengine hupanda kwa miguu kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Miongoni mwa walionufaika ni kituo cha yatima cha Moyo wa Huruma mjini Geita. Kwa upande wa nje, msafara uliovuma sana ni ule wa Machi 2009, ambapo watu maarufu tisa wa Uingereza walipanda kwa niaba ya Comic Relief na kukusanya zaidi ya pauni milioni 3.

Fedha za namna hii zimekuwa na uzito zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ikiwamo ile iliyogharamia huduma za UKIMWI. Kwa hiyo ni halali kwa mchangiaji kuuliza: katika kila shilingi 100 anayotoa, ngapi zinamfikia mlengwa?

Jibu linategemea nani analipia safari. Chukua mfano wa timu ya wageni 10 kutoka nje ya Afrika Mashariki wanaopita njia ya Marangu kwa siku 6. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, kila mmoja hulipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kibanda dola 60 kwa usiku na ada ya uokoaji dola 20. Jumla ni dola 740, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa dola 873. Watu 10 ni takriban dola 8,730, na hapo hakuna kiongozi, mpagazi, chakula wala nauli ya ndege.

Kama fedha hizo zinatoka katika michango, mgonjwa anapata makombo. Kama washiriki au mwajiri wao wanajilipia, mchango wote unaweza kwenda kwa mlengwa. Mwandaaji mkweli huandika jambo hili katika fomu ya michango kabla ya kupokea hata senti moja. Asiyeliandika aulizwe, na asione vibaya.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye daftari. Baadhi ya ahadi hutolewa kwa sharti la kufika kileleni. Huo ni mkataba mbaya. Katika kilele cha Uhuru, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni ipatikanayo usawa wa bahari, na ugonjwa wa mwinuko humpata kijana mwenye misuli kama unavyompata mzee. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu; mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa, hana budi kuteremshwa mara moja, iwe usiku au mchana. Mshiriki anayejua kwamba kituo cha yatima kitakosa fedha akigeuka ataficha maumivu yake, na watu wamekufa katika mlima huu kwa kuficha maumivu. Ahadi ifungwe kwa kushiriki au kwa mita zilizopandwa, na neno la kiongozi wa msafara liwe la mwisho.

Halafu kuna wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa Moshi. Katika njia za mahema, wageni 10 huweza kufuatana na watu 30 au zaidi wanaobeba mahema, majiko na chakula. Mzigo wa msafara kwa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, nao hupimwa getini. Ni aibu kwa timu kuchangia maskini wa mbali huku aliyewabebea mahema akirudi nyumbani na ujira pungufu au akisubiri malipo wiki nzima. Timu inaweza kuliepuka hilo kwa kudai, kabla ya kulipia safari, maandishi yanayoonyesha ujira wa siku, milo na mahali pa kulala wapagazi.

Kwa wakulima wa Marangu, Machame na Mwika, na wafanyabiashara wa masoko kama Mbuyuni na Kiboroloni, misafara hii ina sifa moja ambayo mtalii wa kawaida hana: tarehe yake hujulikana miezi mingi kabla. Watu 40 kwa siku 6 ni milo mingi ya wali, ugali, maharage, kabichi, karoti na mayai. Mpishi hununua kwa haraka siku moja au mbili kabla ya safari, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Kikundi cha wakulima kikimwendea wakala mapema na bei ya kueleweka, nyakati za uhaba kinamwokolea fedha na chenyewe kinapata soko la uhakika.

Masharti si magumu, ila hayana msamaha. Mayai yawe mazima na ya siku chache, kwani yatabebwa kichwani. Kabichi ndogo ngumu ni bora kuliko kubwa laini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo vifungashio viandaliwe mapema. Na oda iwe ya maandishi, nusu ya fedha ilipwe kabla ya kuvuna. Mawakala wengine hulipa wageni wakishaondoka, na wengine hawalipi kabisa.

Karoti huchukua takriban miezi mitatu tangu kupandwa hadi kuvunwa. Kwa msafara wa mwishoni mwa Julai, mbegu ziwe zimeingia ardhini kabla Aprili haijaisha, na mazungumzo na wakala yawe yamefanyika Machi.